Kobe Niliyeachiwa Mikindani

Mikindani,
Novemba, mvua bado

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naituma shikamoo hii kutoka huku chini kabisa kusini, na najua itafika ikiwa imechakaa, maana barua zetu husubiri meli kama sisi tunavyosubiri. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo na jua limenibabua, kwa hiyo siku ukiniona usishtuke ukadhani ni mtoto wa mtu mwingine. Wewe goti linaendeleaje? Na Mrembo amezaa au bado? Nauliza kwa sababu katika barua yako goti umelipa mstari mmoja, na ng'ombe umempa ukurasa mzima, basi nimeelewa ni nani hasa natakiwa kumjulia hali.

Barua ile, Mama, nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Ni ya kwanza kuandikwa kwa mkono wako. Mimi nawafundisha kina mama wa huku kusoma na kuandika kila alasiri, na wakikata tamaa nawaonyesha barua yako na kuwaambia, huyu ni mama yangu, alianza kisomo akiwa na wajukuu. Wanaishika kwa heshima. Mmoja wao alisema herufi zako zimesimama wima kama watu wanaoimba kanisani, nikajisikia kiburi ambacho mchungaji asingekipenda.

Lakini kuna swali lako moja lilinichoma. Umeuliza, "Huko kwenye mchanga unafuga nini?" Halafu ukaendelea na habari ya kahawa, kama vile swali lenyewe halihitaji jibu. Najua unavyoona. Kwetu mtu asiye na mnyama nyumbani ni kama mpangaji, hata kama nyumba ni yake. Sasa vaa miwani yako, mwambie dada Helena aangalie chungu kisiungue, ukae chini. Jibu lipo, na ni refu.

Nafuga kobe.

Usicheke kwanza. Hawa wadogo wanaopita mashambani kwetu, ambao kaka Elinami alikuwa akiwageuza chali, sahau. Huyu ni kobe wa visiwani. Mgongo wake ni mpana kuliko sinia la pilau la harusi, na kumnyanyua wanatakiwa wanaume wawili wasio wavivu. Siku nilipohamia katika nyumba ya Bi Somoe, nilifua nguo zangu, nikaona jiwe kubwa jeusi uani, nikaanika kitenge changu juu yake. Niliporudi kukianua, kitenge kilikuwa upande wa pili wa ua, kinatembea. Nilipiga yowe lililoleta majirani wote.

Bi Somoe ndiye mwenye nyumba ninayopanga, mama mtu mzima, mjane, ambaye macho yake yameanza kuingia ukungu. Marehemu mume wake alikuwa baharia, akamleta kobe huyo kutoka visiwani akiwa mdogo wa kubebwa kwapani. Wanamwita Bwana Afya, kwa sababu kila asubuhi, jua likishapanda kidogo, anazunguka ua mzima akikagua masufuria, kisima, mtaro na mlango wa choo, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na akiona kitu kimewekwa vibaya anakisukuma.

Mwaka huu, kipupwe kilipoanza, Bi Somoe aliletewa habari kutoka Kitaya, kule mtoni Ruvuma, kwamba binti yake amejifungua na hali yake si nzuri. Alifunga mizigo asubuhi ileile. Kabla ya kwenda kupanda lori akaja mlangoni kwangu.

"Mwalimu, mie naondoka. Nyumba namwachia Mungu. Huyu nakuachia wewe."

"Mimi, Bi Somoe? Si yupo wifi yako Mwanahawa, mtaa wa pili tu?"

"Mwanahawa ana maneno mengi, na kobe hataki maneno." Akanishika mkono. "Hii ni amana, mwalimu. Mume wangu alinikabidhi mie, na mie nakukabidhi wewe. Nikirudi nimkute."

"Nimtunze vipi?"

"Mwache nje, mpe maji. Mambo mengine anayajua mwenyewe."

Neno amana huku si la mchezo, Mama. Mtu akikuachia kitu kwa neno hilo, hata kijiko, watu wote mtaani wanakihesabu pamoja na wewe. Na mimi, baada ya miaka yote hii hapa, bado nikipita watu husema, "Yule mgeni." Hawasemi kwa ubaya. Wanasema kama mtu anavyosema yule mrefu, yule mfupi. Lakini inauma.

Alasiri ile darasani Mwanahawa alisimama kabla sijafungua kitabu. Huyu Mwanahawa ni mwanafunzi wangu wa kisomo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo, na marehemu baharia alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

"Jamani," akawaambia wenzake, "Somoe kaenda kumpa kobe wa kaka yangu mtu wa bara. Na watu wa bara wanakula kila kitu."

Darasa zima likacheka. Nami nilicheka nao. Nikajiambia, watamwona huyu mtu wa bara. Mimi ni binti wa mwanamke aliyenenepesha ng'ombe ndani ya nyumba mpaka watu wakaja kutoka ng'ambo ya mto kumwangalia. Kobe ni kitu gani?

Hapo ndipo nilipoharibu.

Bi Somoe alisema nimwache nje. Lakini wewe ulinilea vipi? Kwetu mnyama anayelala nje ni mnyama wa mtu mvivu. Tangu nipate akili nimekata majani, nimebeba majani, nimemletea ng'ombe majani mpaka mdomoni, naye amekaa ndani salama, mbali na upepo na macho ya watu. Nikaona mama huyu ni mzee, hana nguvu za kumtunza mnyama vizuri, ndiyo maana anamwacha azurure juani. Basi nikamjengea zizi. Nilifunga fito kando ya jiko, nikaezeka makuti, nikatandika majani makavu. Nilimsukuma ndani kwa shida kubwa, nikaziba mlango kwa mbao. Kisha nikamwandalia karamu ya Kichaga hasa. Niliomba vigogo vya mgomba kwa mtu wa bondeni, nikavikatakata. Nikampa pumba, nikampa mapapai yaliyoiva. Hata magadi nilimletea, Mama, nikamwekea kwenye kifuu kama unavyomwekea Mrembo.

Mwanzoni alikula, na mimi nikavimba kichwa. Nikawa nawaambia walimu wenzangu kwamba Bi Somoe akirudi hatamtambua. Kumbe nilikuwa nasema kweli bila kujua.

Baadaye akaanza kuacha chakula. Pumba zikachacha, papai likajaa inzi. Macho yakadidimia, puani pakawa na majimaji. Kutwa nzima alikuwa akisukuma zile fito kwa uso, mahali palepale, kwa sababu alikuwa anaona mwanga upande wa pili, na kobe akiona mwanga anaamini kuna njia. Ngozi ya pua ikachubuka. Nikaongeza magadi. Nikaongeza makuti, nikidhani upepo wa kipupwe unampiga. Kadiri nilivyomtunza ndivyo alivyozidi kudhoofika.

Hofu iliyonishika siwezi kukueleza yote. Huku akifa hawatasema kobe amekufa. Watasema mtu wa bara amekula amana. Ningeishi vipi hapa baada ya hapo? Ningesimama vipi mbele ya darasa? Na zaidi ya hilo, kuna yule mama aliyeko Kitaya na mgonjwa wake, ambaye kitu pekee alichobaki nacho cha mume wake kilikuwa kinafia mikononi mwangu.

Jumapili nikaombea kanisani. Kumtaja niliona haya, nikasema tumkumbuke mgonjwa aliyeko nyumbani kwangu. Kanisa zima likaitikia amina kwa huruma. Baada ya ibada kina mama wakanizunguka wakitaka kuja kumtazama mgonjwa na kumletea uji. Nikasema ana ugonjwa wa kuambukiza. Mungu anisamehe, na wewe usimwambie mchungaji wa huko.

Aliyekuja ni Mwanahawa. Alikuwa hajamwona Bwana Afya kupitia upenyo wa ukuta, kama alivyozoea kila apitapo, akapiga hodi huku ameshaingia.

"Bwana Afya yu wapi? Mbona simwoni kukagua?"

"Yuko ndani, anapumzika."

"Ndani ya nini?"

Nikampeleka. Akasimama mbele ya zizi langu, mikono kiunoni, akalitazama juu mpaka chini.

"Huyu kafungwa kwa kosa gani?"

"Hajafungwa, nimemjengea."

"Umemjengea jela, mwalimu! Na haya ni nini? Chumvi? Unataka kumkausha kama papa?"

"Ni magadi. Kwetu tunampa ng'ombe apate hamu ya kula."

"Ng'ombe!" Akashika kichwa. "Mwalimu wangu, huyu si ng'ombe. Huyu jua ndilo chakula chake cha kwanza. Asipoota jua la asubuhi tumbo lake halisagi kitu, hata umpe biriani. Mapapai yote haya ndani ya tumbo la baridi, si yanaoza humo humo?"

"Kwetu mnyama wa nje ..."

"Kwenu kuna baridi. Hapa, mwanangu, nje ndiyo nyumba."

Unanijua nilivyo, Mama. Nilitaka kumjibu vibaya. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Lakini nilimwangalia yule kobe na pua yake iliyochubuka, nikashika ubao wa kwanza, nikaung'oa. Mwanahawa akashika wa pili. Tulibomoa zizi lote. Bwana Afya hakutoka. Alikaa pale katikati ya majani, jua likimpiga mgongoni, macho amefumba.

Mwanahawa akanieleza alivyokuwa akifanya kaka yake. Asubuhi jua, mchana kivuli, wakati wote maji. Chakula chake ni majani ya kawaida tu, matunda ni ya sikukuu. Na palikuwa na dimbwi la matope uani, chini ya mti wa mkungu, ambamo kobe alikuwa akijitumbukiza joto likizidi, lakini tangu mwenyewe afe lilikauka, kwa sababu Bi Somoe hakuwa na nguvu za kuchota maji ya kulijaza.

Hapo, Mama, ndipo na mimi nilipopata la kwangu. Kuchota! Mjukuu wa mtu aliyechimba mfereji kuanzia juu msituni mpaka kwenye migomba ya kihambani, achote maji kwa ndoo? Nilipima mteremko wa ua kwa macho, kama babu alivyotufundisha, kisha kwa maji kidogo niliyomwaga nione yanakokwenda. Nikachimba mfereji mwembamba kuanzia kisimani, ukakusanya maji yote yanayomwagika watu wakichota, ukapita kando ya jiko, ukaishia chini ya mkungu. Niliusakafia kwa udongo mzito na vigae ili mchanga usiyanywe. Mwanahawa alikaa kwenye kinu akinitazama na kusema haitawezekana, maji hayawezi kutembea yenyewe. Yalipotembea, aliyafuata ameinama kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayemfuata kifaranga. Kesho yake akaleta wanawake wa mtaa mzima kuyaona, na kwa jinsi alivyokuwa akiwaeleza ungedhani yeye ndiye aliyechimba.

Uzio wa fito tukautupa, tukapanga ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe, usio na tundu, ili akifika aone mwisho wa njia na ageuke. Tukaokota ufukweni ile mifupa myeupe ya ngisi, inayomeng'enyuka kama chaki, ambayo marehemu alikuwa akimpa aitafune kwa ajili ya gamba.

Lakini hakula. Kila nilipotoka shuleni nilikwenda moja kwa moja chini ya mkungu, nikikuta majani yamenyauka vilevile nilivyoyaacha. Mwanahawa akaacha utani, na hilo likanitisha kuliko yote. Alikuwa anakuja asubuhi kabla sijaondoka, tunamsukuma pamoja mpaka juani, na mchana anakuja tena peke yake kumrudisha kivulini. Siku moja nilimkuta amekaa chini karibu yake, amevua ushungi, anamwambia kwa sauti ndogo, "Usinifanyie hivi, wewe. Kaka yangu ameshakwenda, na wewe unataka kwenda?"

Nikarudi nyuma taratibu, nikajifanya ndiyo kwanza nafika.

Kisha ikaja asubuhi moja nimesimama pembeni ya dimbwi nikipiga mswaki, nikasikia kitu kizito cha uvuguvugu juu ya mguu wangu. Bwana Afya alikuwa amejiburuta matopeni mwenyewe, na alikuwa amekunya. Amekunya lundo, Mama! Nikainama nikaliangalia kama unavyoangalia samadi ya Mrembo. Halikuwa la kijani kibichi, halikuwa maji. Lilikuwa zito, limejaa nyuzi za majani, linanuka shamba. Nilipiga vigelegele peke yangu uani, mswaki mkononi, mguu umechafuka mpaka kifundoni. Kuna mtu mwingine gani duniani ningeweza kumwandikia habari hii akanielewa? Mwanahawa alikuja mbio. Nilipomwonyesha mguu wangu, akanikumbatia hivyohivyo nilivyo. Alasiri ile Bwana Afya alikula majani yote niliyomkatia na kutaka mengine.

Tangu hapo hajarudi nyuma. Nakata majani kila jioni, hilo sikuliacha, maana majani ya Mikindani wakati wa kiangazi ni ya kutafuta, na hakuna mtu huku anayejua kukata na kufunga mzigo kama binti yako. Watu wameshanizoea nikipita na mzigo kichwani. Hata mfereji umezaa, kwani majirani kadhaa wamechimba ya kwao, wanapanda mchicha kandokando. Wanauita mtaro wa mwalimu.

Bi Somoe alirudi msimu wa korosho umeshaanza, juu ya lori lililojaa magunia. Binti yake amepona, mtoto anakua. Mtaa mzima ulijaa uani, na mimi nikasogea nyuma ya wote, kwa sababu Mwanahawa alikuwa mstari wa mbele, na Mwanahawa hajawahi kuficha jambo. Zizi, magadi, pua iliyochubuka, yote alikuwa nayo mdomoni.

Bi Somoe haoni vizuri tena. Alikuja akipapasa ukuta mpaka mkunguni, akapiga magoti pembeni ya Bwana Afya, akaanza kumpima kwa mikono. Alishika kichwa, akashika miguu, kisha akapitisha ukucha kwenye mifereji ya gamba, pale panapokutana kigae na kigae. Hapo gamba jipya limetoa ukingo mweupe, laini. Ukucha ukasimama hapo muda mrefu.

"Ameongezeka," akasema. "Tangu mume wangu afe hajaongezeka hivi." Akatia mkono kwenye matope, akausikia mfereji unavyoingiza maji. "Na hili nani kafanya?"

Mwanahawa akafungua mdomo. Nikafumba macho.

"Mwenye kobe," akasema Mwanahawa. "Nani mwingine?"

Mama, nimepata cheti cha ualimu, na nimepongezwa na mkaguzi mbele ya shule. Sijawahi kujisikia kama siku ile.

Bi Somoe akaniita nikae karibu. Akaniambia anarudi Kitaya kuishi na binti yake, mtoni hakufai mnyama huyu, na kwa muda mrefu lililokuwa likimnyima usingizi ni nani atamwachia, kwa sababu kobe huyu atatuzika sote. "Niliondoka nikitaka kuona," akasema. "Nimeona kwa mikono." Nyumba atanipangisha vilevile. Bwana Afya si amana tena. Ni wangu.

Basi, ulipouliza huku nafuga nini, ndilo jibu.

Nisalimie dada Helena, mwangalizi wa chungu, na mumewe shemeji Barnaba. Nisalimie kaka Elinami, umwambie aombe radhi kwa kila kobe aliyewahi kumgeuza chali. Nisalimie shangazi Ruthi, mwenye kunitafutia wachumba, umwambie kwa sasa uani pamejaa. Nisalimie majirani wa juu na wa chini ya mfereji. Mwanahawa naye ameacha salamu zako nyingi. Anauliza kama ni kweli unalala nyumba moja na ng'ombe, na kama anakoroma.

Limebaki lile la Krismasi, ambalo nimelizunguka barua nzima. Najua mmenitayarishia kitanda. Najua watoto wote wa mlima watapanda nyumbani, na wewe utahesabu vichwa mezani. Mama, unakumbuka siku nilipomaliza chuo, wazazi wa wenzangu wote walipokuja, na wewe ukatuma neno kwa dereva wa basi? Niliona uchungu miaka mingi. Nilidhani unampenda ng'ombe kuliko unavyonipenda mimi. Sasa joto limepanda, dimbwi linakauka kila nikigeuka, Mwanahawa amekwenda kuokota korosho Mpapura mpaka mvua zianze, na asubuhi Bwana Afya akitoka kukagua ananikagua mimi kwanza. Nimekuelewa Mama, na sina uchungu tena hata chembe. Nakuletea neno lako lilelile, nimebadilisha mnyama tu.

Siwezi kuja. Nina kobe.

Ni mimi bintiye mfugaji,
na mfugaji mwenyewe,
Ndeshi